"Get" imejificha mkiani

Ndugu walimu, na nyinyi wafasiri mliokaa nyuma kama wageni wa harusi, asanteni kwa kuja. Leo nina kitenzi kimoja tu cha Kiingereza, cha herufi 3: "get".

Mwanafunzi akiuliza maana yake, wengi wetu humjibu "kupata", kisha tunageukia ubao. Si uongo. "Get a job" ni kupata kazi. "I get you" ni nimekupata, kama tunavyosema kwenye simu. Shida inaanzia kwenye "get old". Hapati mtu uzee, anazeeka. "Get rich" ni kutajirika, "get dirty" kuchafuka, "get angry" kukasirika. Mmeisikia hiyo -ka? Ndiyo "get" yenyewe, imejificha mkiani.

Tuendelee. "He got robbed": aliibiwa. Sasa imekuwa -wa. Mwingereza anaweza kusema pia "he was robbed", ila ile yenye "get" ni ya mazungumzo zaidi, na mara nyingi inanuka mkosi. "Get her to laugh": mchekeshe. Hapo imegeuka -esha. Kazi zote hizo Kiingereza kimemtwisha kibarua mmoja. Sisi tunazifanya kwa mnyambuliko, yaani kwa kubadili mkia wa kitenzi. Ndiyo maana kamusi haimsaidii mwanafunzi: yeye anatafuta neno, na jibu ni silabi.

Ikifuatwa na vijineno vingine, mambo yanavurugika. "Get up" ni kuamka. "Get by" ni kubangaiza, na sijaona tafsiri tamu kuliko hiyo. "Get away with it" imenishinda: mtu kakosa, kajulikana, na hakufanywa kitu. Natumia sentensi nzima na sioni aibu. Rafiki yako ukimsimulia kioja akasema "get out of here!", usiondoke. Anasema "acha bwana!"

Kitenzi chenyewe kiliingia Uingereza na Wanorse, watu wa kale wa Skandinavia, waliosema "geta". Waingereza wa kale walikuwa na ndugu yake, lakini aliishi ndani ya maneno mengine, kama "forget".

Aliyeniuliza mlangoni kuhusu "gotten": si kosa. Ni umbo la zamani lililodumu Marekani, na huko lina kazi yake. "I've got a car", gari ninalo; "I've gotten a car", nimelipata. Uingereza siku hizi "got" inatosha kote kuwili, kwa hiyo kama mtihani unafuata Kiingereza cha huko, mtoto aandike "got".