Vifaa vya Zamani vya Kambi: Kipi Kibaki, Kipi Kibadilishiwe Kazi, Kipi Kigawiwe

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tunatoa stoo vifaa vyote vya kambi vilivyokaa muda mrefu: hema, mabegi ya kulalia, magodoro, jiko, tochi, kamba. Tutavikagua kimoja kimoja, kisha kila kimoja tutakiamulia: kibaki, kipewe kazi nyingine, au kigawiwe.

Nawaomba sana ukaguzi uje kabla ya uamuzi. Watu wengi hugawa kwa kukisia: "Bado liko vizuri hili, chukua tu." Hema likija kuvuja, anayelowa ni yule uliyemfadhili, tena usiku, mbali na nyumbani.

Andaa beseni la maji, sabuni ya maji, mswaki wa zamani, plaizi, betri mpya, kalamu na karatasi. Chagua siku isiyo na mvua.

Hatua ya kwanza ni hema, na hapa tutakaa kidogo. Usilikague likiwa limekunjwa. Lisimamishe lote, na fito zake na kamba zake, kama vile unakwenda kulilalia leo.

Anza na pua. Ukisikia harufu chachu ya matapishi, pitisha kiganja upande wa ndani wa kitambaa. Pakiwa pananatanata, ule utando wa poliyurethani unaozuia maji umeanza kuoza kwa unyevu. Kuoza huko hakurudi nyuma. Kuna wanaousugua utando wote na kupaka mwingine, lakini ni kazi kubwa na matokeo hayana uhakika, mimi sipendekezi. Hema la namna hiyo usimpe mtu wa kwenda naye kwenye mvua. Livunje: fito, vigingi, kamba na chandarua cha mlangoni vyote bado vina kazi.

Sasa ingia ndani, mwenzako amwage maji juu ya mishono. Pakivuja kwenye mshono huku kitambaa kikiwa kizima, usikate tamaa. Ni utepe wa mshono uliobanduka. Bandua unaoning'inia, safisha kwa spiriti, acha pakauke, kisha paka gundi ya mishono ya hema. Ila angalia lebo kwanza: kitambaa kilichopakwa silikoni hakishiki gundi nyingine yoyote isipokuwa ya silikoni.

Jua nalo hula nailoni na poliesta polepole. Shika kitambaa cha paa, sehemu iliyopauka zaidi, kwa vidole gumba viwili na ukivute kwa nguvu. Kikichanika kama karatasi, hema hilo limeshamaliza kazi yake, hata kama halivuji tone.

Zipu ndiyo inayofanya mahema mengi yatupwe bure. Sogea karibu uone. Kichwa cha zipu kinapita vizuri, lakini nyuma yake meno yanaachana. Angalia meno yenyewe: yote yapo, hakuna lililopinda. Basi kilicholegea ni kichwa. Kwanza toa mchanga kwa mswaki. Kisha rudisha kichwa mwanzo wa zipu, chukua plaizi, bana kidogo ukingo wa nyuma upande wa kushoto, halafu wa kulia. Nasema kidogo, kwa sababu ukibana kwa pupa kitavunjika. Jaribu. Bado? Bana tena kidogo. Umeona, meno yameshikana. Hema lililokuwa linakwenda jalalani limepona kwa dakika chache.

Fito za aluminiamu zilizopinda au kupasuka hutengenezeka kwa kuvalisha kipande cha bomba juu ya jeraha. Za faibaglasi zikianza kuchanuka, vaa glavu unapozishika, na badilisha kipande kizima.

Hatua ya pili, begi la kulalia. Litoe kwenye mfuko, likung'ute, lilaze mahali pakavu kwa saa chache. Kinachokupa joto ni hewa iliyonaswa ndani yake, kwa hiyo tazama kama linaumuka. La manyoya ya bata likiwa na mabonge, mara nyingi tatizo ni uchafu na mafuta ya mwili. Lifue kwa sabuni maalumu ya manyoya, usitie kilainisha nguo, kisha likaushe kwa moto mdogo kwenye mashine pamoja na mipira safi ya tenisi ya kuvunja mabonge. Vumilia, hukauka taratibu sana. La nyuzi za viwandani likishalala bapa, halirudi. Lifungue zipu, litumie kama blanketi la garini au la kufunikia watoto wakati wa filamu. Ukimpa mtu, mwambie wazi kwamba kile kiwango cha baridi kilichoandikwa kwenye lebo si cha kutegemea tena.

Godoro la upepo lijaze liache usiku kucha. Likinywea, lizamishe kwenye maji sehemu kwa sehemu, na panapotoka mapovu weka alama kwa kalamu, kausha, bandika kiraka. Likiwa na uvimbe mkubwa mahali pamoja, kuta za ndani zimeachana, na hilo halina dawa. Mkeka wa povu ni rahisi: hata ukichanika, unaukata vipande vya kukalia au vya kupigia magoti bustanini.

Hatua ya tatu, jiko na gesi. Hapa naomba msikilize kwa makini. Toka nje, mbali na moto wowote. Kabla ya kufunga mtungi, angalia kipete cha mpira pale jiko linapoungana nao. Kikiwa kikavu au kina nyufa, usiunganishe, badilisha kwanza. Kikiwa kizima, funga, paka maji ya sabuni kwenye maungio, fungua gesi kidogo bila kuwasha. Mapovu yakiota, gesi inavuja. Usitafute uvujaji kwa kiberiti hata siku moja.

Mtungi wenye kutu au uliobonyea usimpe mtu. Kujua gesi iliyobaki, upime kwenye mizani ya jikoni, ulinganishe na uzito wa mtungi mpya wa aina ileile. Usiutupe kwenye taka za kawaida wala motoni. Upeleke panapopokelewa taka za hatari. Na unayempa jiko mwambie asiliwashe ndani ya hema: kaboni monoksaidi haina harufu, na inaua.

Tochi haina mengi. Fungua, toa betri. Ukiona unga mweupe kwenye vyuma, futa kwa pamba yenye siki kidogo, kausha, jaribu na betri mpya. Betri ya lithiamu iliyovimba usiichaji tena, wala usiitoboe. Ipeleke kwenye makusanyo ya betri.

Kuna vitu viwili ambavyo havigawiwi. Cha kwanza ni kamba na mikanda ya kupandia milima ambayo historia yake huijui, au imezidi miaka 10. Jicho haliwezi kukuthibitishia nguvu yake. Kamba hiyo ikate vipande vifupi kabisa ili asitokee mtu wa kuining'inia, kisha fungia mizigo. Cha pili ni chujio la maji la nyuzi tundu, yaani lenye nyuzi nyembamba zenye uwazi ndani kama mirija, lililowahi kuganda kwa baridi likiwa bichi. Barafu hupasua nyuzi za ndani, maji yakaendelea kutoka masafi kwa macho huku vijidudu vinapita.

Hatua ya nne, gawanya mafungu. Kinachobaki kwako kiwe kile ambacho kingepotea leo ungekitafuta kingine. Kizima usichokihitaji, kitoe mapema, maana kukaa stoo kunakimaliza. Kitoe kikiwa kamili: hema na vigingi vyake vyote, jiko na kipete kipya. Kigawe kikiwa safi na kikavu, na uambatanishe karatasi yenye ukweli wote, kwa mfano: "Mshono wa nyuma umepakwa gundi, kigingi kimoja hakipo." Uliza kwanza kabla ya kupeleka, kikundi cha skauti au shule inayotoa wanafunzi safari inaweza kuhitaji mahema madogo tu, wewe ukawabebesha mzigo wa kutupa.

Hivyo unavyobaki navyo, hakikisha vimekauka kabisa, kisha viweke vikiwa vimelegea. Hema kwenye mfuko mpana wa kitambaa, begi la kulalia litundike au litie kwenye foronya kubwa, godoro liache wazi valvu yake. Ile mifuko midogo ya kubana ni ya safarini tu.