Anzeni na Kanga ya Bibi

Assalaam aleikum. Shikamooni wazee wangu, na vijana hamjambo. Nimeombwa nizungumze juu ya rangi za nguo kwa familia inayotaka kupigwa picha ya pamoja, na nimefurahi kuona kwamba waliokuja si wapiga picha peke yao. Nguo zinaamuliwa nyumbani, na akina mama, siku tatu kabla mimi sijafika. Nikija na kamera yangu, mambo yamekwisha.

Nitaanza na kosa langu. Nilikuwa mgeni katika kazi, hapa hapa Tanga, ikanijia familia ya watu kumi na mmoja: bibi, watoto wake na wajukuu. Wakaniuliza wavae nini. Nikawaambia nyeupe tupu, wote, tukutane ufukweni Raskazone saa sita mchana. Nilikuwa nimeziona picha za namna hiyo magazetini nikadhani ndivyo inavyotakiwa. Picha ikatoka mashati yanang'aa kama bati jipya, na nyuso zimeingia giza. Bibi mwenyewe, mweusi wa kuiva, macho yake huyaoni. Mwaka uliofuata akafariki. Familia ile haina picha nyingine waliyokaa wote pamoja naye. Ile ndiyo iliyotundikwa sebuleni mpaka leo, na mimi kila nikienda pale najua kwamba nguo nilizochagua ndizo zilizomficha.

Kwa nini ilitokea? Kamera haijui uso ni nini. Kipimo chake cha mwanga kimetengenezwa kwa kudhani kwamba vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa, ni rangi ya majivu ya kati, ile inayorudisha kama asilimia 18 ya mwanga unaoipiga. Shati jeupe lililofuliwa vizuri linarudisha karibu mwanga wote. Ngozi nyeusi inarudisha kidogo. Sasa panga mashati kumi na moja meupe kwenye jua la utosi: kamera inaona mwanga umezidi, inapunguza, na inapopunguza haichagui, uso nao unapunguziwa. Ukiilazimisha iongeze ili uso uonekane, shati linaungua. Mikunjo yote inapotea, linabaki doa. Simu zetu nazo zina tabia hiyo. Ndiyo maana nawaambia, kabla ya kupiga, gusa uso wa mtu mweusi kuliko wote pale kwenye kioo cha simu, ili simu ipime kwake.

Na msidhani ni bahati mbaya tu. Enzi za filamu, kampuni ya Kodak ilikuwa ikizipelekea maabara kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, kadi ambayo mafundi waliizoea kwa jina la Shirley, na rangi za kusafishia picha zikarekebishwa kwa kulinganisha na ngozi yake. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa kipimo. Ukifungua albamu ya wazazi wako ukaona mjomba amebaki meno na macho, usiseme mjomba alikuwa mweusi mno. Vifaa havikumfikiria. Sisi tunaochagua nguo leo lazima tumfikirie.

Tena tazameni familia zetu. Tumbo moja linatoa mweupe, maji ya kunde na mweusi tititi, wote wameketi kochi moja. Rangi inayompendeza mmoja inaweza kumfifisha mwenzake. Manjano iliyoiva juu ya ngozi nyeusi inapendeza sana. Juu ya mtoto mweupe inamfanya aonekane mgonjwa. Rangi ya mwili, yaani ule ubeji, inampoteza maji ya kunde, hujui shingo imeishia wapi na blauzi imeanzia wapi. Kwa hiyo mtu akiniuliza rangi gani ni nzuri, mimi namuuliza: ya nani?

Najua mnasubiri niseme juu ya sare. Tunapenda sare, na harusini ina kazi yake, inatangaza kwamba hawa ni upande wa bibi harusi. Siipingi. Lakini kwenye picha ya familia, kitenge kimoja kikishonwa kwa watu kumi kinawameza. Miili inaungana ikawa kitambaa kimoja kirefu chenye vichwa. Huoni tena mkono wa nani uko begani kwa nani, na mimi mkono ule ndio ninaoufuata. Baba asiyezoea kumkumbatia mwanawe, siku ya picha anaweka mkono. Ukipotea ndani ya maua ya kitenge, umepotea.

Basi tunafanyaje? Tunaanza na bibi. Bibi hatanunua nguo mpya, na hatakiwi. Anayo doti yake anayoipenda. Mwambie ailete. Tuseme ni kanga ya damu ya mzee, mji wake una maua ya rangi ya maziwa, na pindo lina bluu iliyokoza. Hapo kazi imekwisha nusu. Yeye anavaa maua. Wengine wanachota rangi kutoka kwake, bila maua. Mtoto wake wa kiume anavaa shati la bluu ile iliyokoza. Mkwe anavaa gauni la rangi ya maziwa, si jeupe la kung'aa. Mjukuu mkubwa rangi ya ugoro, ambayo haimo kwenye kanga lakini ni jirani na damu ya mzee. Mdogo kabisa, bluu iliyopauka. Hakuna aliyefanana na mwenzake, na yeyote atakayeitazama ataona wametoka kwa yule mama aliyeketi katikati. Hawakuhitaji Kariakoo; mitumba inatosha.

Kuna atakayeniambia: mbona Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio yake mwaka 1948, aliwapiga watu wenye nguo za maua mbele ya pazia la maua, na picha zile dunia nzima inazistahi? Kweli, na mimi nazipenda mno. Lakini zile ni nyeusi na nyeupe. Rangi haipo, kwa hiyo maua hayagombani na ngozi, na uso unabaki ndiyo sehemu tulivu peke yake. Ukitaka picha yenu isiwe na rangi, vaeni maua mpaka mchoke.

Hapo ndipo nilipopata kipimo ninachokitumia. Usiku wa kuamkia picha, tandazeni nguo zote kitandani, zipangeni kama mtakavyokaa, pigeni picha kwa simu, kisha itoeni rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Nguo zote zikiwa majivu yale yale, hata kama moja ni kijani na nyingine ni nyekundu, badilisheni mbili tatu. Inatakiwa uone yaliyokoza, ya kati na yaliyopauka. Nguo nyingi mpya za harusi zinashindwa mtihani huu.

Baba wenye jezi za Simba na Yanga, mniwie radhi. Ile nyekundu inavuta jicho kabla ya uso wowote, hata akisimama pembeni kabisa. Na kijani kilichokolea, jua likikipiga, kinarusha rangi yake juu, chini ya kidevu, mtu anaonekana kama ana nyongo. Jezi tutaipiga picha yake, baada ya ile ya wote.

Saa nayo ni sehemu ya rangi. Kuanzia saa kumi na moja jioni mwanga wetu unageuka dhahabu, ngozi nyeusi inaupokea vizuri kuliko ngozi yoyote, na hata yule aliyeng'ang'ania nyeupe utamsamehe. Lakini jua letu likianza kuzama halingoji. Familia iwe imeshavaa.

Mama mmoja ameniuliza pale mlangoni: mimi navaa buibui jeusi, nitachota rangi gani? Usichote. Jeusi halirushi rangi usoni, linaacha uso wako ulivyo. Kazi ni yangu: nisikuweke mbele ya kichaka cheusi ukapotea, nikuweke mbele ya ukuta wa chokaa, mwanga utoke ubavuni ili mikunjo ya buibui ionekane. Ukiwa na mtandio wa rangi moja ya kanga ya mama yako, uvae.

Niliwaomba kila mmoja aje na doti moja ya mkubwa wa nyumba yake. Naziona zimo kwenye mikoba. Zileteni hapa mbele tuzitandaze kwenye mkeka, tuanze na ya yule mama aliyevaa zambarau.