CV yangu ya kurasa nne

Habari za huko nyumbani, ndugu zangu? Leo sina matembezi ya kuwaonyesha, nimekaa tu mezani na karatasi hii. Ngoja niisogeze kwenye kamera... mnaiona? Hii ndiyo CV niliyokuja nayo huku ughaibuni. Kurasa nne! Mwanzo wote ni tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa, shule ya msingi. Kazi nilizofanya zinaanzia ukurasa wa tatu. Na huku chini nimeandika: "Napenda kusafiri." Siku naandika hivyo sijapanda ndege hata mara moja, jamani.

Nikaituma ile ile kila mahali, miezi na miezi. Kimya.

Sasa sikieni. Mnamo 1482 hivi, Leonardo da Vinci, mchoraji yule yule, alimwandalia barua ya kuomba kazi Ludovico Sforza, mtawala wa Milano. Sforza akili yake ilikuwa vitani. Basi Leonardo akamtajia madaraja mepesi ya kubebeka, mizinga, magari ya vita. Uchoraji akautaja huko karibu na mwisho. Leonardo, jamani! Alianza na shida ya mwajiri, sifa zake zikasubiri.

Kwa hiyo chukua tangazo la kazi na kalamu, pigia mstari maneno wanayoyarudia. Wakisema "usimamizi wa stoo" na wewe umeandika "utunzaji wa ghala", badilisha, kama kweli ni kazi ile ile. Kampuni nyingi kubwa hupokea maombi kwa programu, na anayechambua anaweza kutafuta kwa neno. Baadhi ya programu hizo huvurugwa na majedwali na safu mbilimbili, kwa hiyo marembo yaache.

Mmoja wenu kanitumia yake: "Nilihusika na masuala ya stoo." Ulihusika vipi? Ulikuwa unafagia? Nikambana. Kumbe alikuwa anahesabu bidhaa 400 kila Ijumaa, peke yake, na ndiye aliyehamisha hesabu zote kutoka daftarini kwenda kwenye kompyuta. Na hayo yote kayaficha! Tukaandika hivyo hivyo alivyonisimulia, na hatukuongeza chumvi. Chumvi msijaribu, kwenye usaili utaumbuka.

Picha? Uingereza na Marekani usiweke, wala umri, wala dini. Ujerumani wengi bado wanaweka, kwa hiyo angalia unakoomba. Kazi ya karibuni ikae juu, na kurasa mbili zinatosha. Faili nalo lipe jina lako, siyo "CV mpya ya mwisho kabisa 3". Nimeliona hilo wiki hii, simtaji mtu.

Halafu wadhamini. Kabla hujaandika namba ya mtu, mpigie umwambie. Wangu alipigiwa na mwajiri, akauliza, "Nani huyo?"