Wingi wa Damu Unapodanganya: Mhadhara kuhusu Presha ya Mimba

Wazee wangu shikamooni, na wengine wote habari za jioni. Mwenyekiti amenipa dakika kumi na tano. Wanaonifahamu wameanza kucheka, maana wanajua zote nitazimalizia kwenye wingi wa damu. Chekeni tu.

Presha ya mimba, yaani presha ya 140 kwa 90 baada ya wiki ya 20, protini kwenye mkojo, mpaka kifafa cha mimba: hayo mnayajua, sirudii. Mimi nataka tufungue kadi ya kliniki. Tuseme mama wa Mbagala, wiki ya 34, presha 150 kwa 100, uso umevimba. Wingi wa damu, yaani himoglobini, gramu 13.5 kwa desilita. Pembeni mtu ameandika "nzuri". Nyumbani mama mkwe anajisifu kwamba ni rosela yake na yale maini. Jamani! Rosela gani hiyo?

Mimba ikienda sawa, maji ya damu, yaani plazima, huongezeka kwa karibu nusu. Chembe nyekundu nazo huongezeka, ila haziyafikii maji. Kwa hiyo kipimo hushuka kidogo, na ni haki yake kushuka. Upungufu tunauhesabu chini ya gramu 11. Sasa kwa huyu mama, kondo la nyuma halipati damu ya kutosha, linamwaga protini zinazojeruhi ukuta wa ndani wa mishipa. Mishipa inabana, tena inavuja. Maji yanatoka, yanaingia mwilini: ndiyo huo uso. Kilichobaki ndani kimekolea. Mchuzi ukikaukia jikoni unakolea, lakini nyama haijaongezeka hata kipande. Mama huyu anaweza kuwa na upungufu wa damu kabisa, na kipimo kikamfichia. Akija kutoka damu wakati wa kujifungua, damu ambayo mwenzake angeistahimili, yeye anazimia.

Najua kuna mtu pale nyuma anasema: basi kakaukiwa, tumtundikie dripu mbili tatu. Hapana! Narudia kila mwaka, hapana. Mishipa inavuja, ndugu yangu. Ukimjaza maji yatakwenda mapafuni, na utamuua kwa huruma yako. Maji anapewa kwa kipimo, na mkojo unapimwa.

Mwingine atasema picha kamili ya damu, kile kipimo cha chembe zote, ni gharama. Sawa, lakini kama imeshapimwa, mbona mnasoma mstari mmoja? Shukeni chini mkaangalie chembe sahani, zile za kugandisha damu. Kawaida ni 150,000 hadi 400,000. Zikiwa chini ya 100,000, ugonjwa umeshakuwa mkali. Hata kabla ya hapo, mama aliyekuwa na 260,000 leo ana 140,000, msiniambie "zimepungua kidogo". Linganisheni na kipimo cha nyuma! Mtu wa ganzi naye anazisubiri hizo namba. Zikishuka sana hathubutu kuchoma sindano ya mgongo.

Halafu kuna ile hali mbaya zaidi, ambayo daktari Louis Weinstein aliipa jina la HELLP mwaka 1982: chembe nyekundu zinavunjika, vimeng'enya vya ini vinapanda, chembe sahani zinashuka. Mama analalamika maumivu chini ya mbavu za kulia, anapewa dawa ya vidonda vya tumbo. Hili lina mhadhara wake, na naona mwenyekiti anaangalia saa.

Haraka basi. Dawa ya magnesiamu inazuia degedege, haishushi presha, msiichanganye na dawa za presha. Asprini ya dozi ndogo ni kwa walio kwenye hatari, ianze mapema, kwa maelekezo ya kliniki, siyo ya jirani. Na kujifungua siyo mwisho: chembe sahani zinaweza kuendelea kushuka siku moja au mbili baadaye, wakati ndugu wameshaita bajaji ya kurudi nyumbani. Mpimeni tena kabla hajaondoka.

Nilikuwa na la figo pia, nimeliacha. Maswali? Ndiyo, dada mwenye koti jeupe, na usiniulize habari za rosela.