Chupa ya makonyo na homa ya kidingapopo

SALIM: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo mngekuwa hapa mngedhani mko ghalani Wawi, kule Pemba. Studio nzima inanuka karafuu.

RUKIA: Nilikwambia usiifungue.

SALIM: Kaniletea mama mkwe kutoka Pemba. Mafuta ya makonyo, yale ya vikonyo vya karafuu, chupa ndogo hii, mdomo kaufunga kwa nailoni na mpira. Anajua mwaka 2019 kidingapopo, yaani dengue, kilinilaza Dar siku nane. Ananiambia, "Mwanangu, ikirudi homa ile, matone matatu kwenye chai." Sasa dada Rukia, wewe mfamasia. Nimjibu nini?

RUKIA: Mwambie ahsante mama, halafu chai unywe bila hayo matone. Hebu lete kile kiboksi cheupe cha chipsi ulichokula mchana.

SALIM: Cha nini tena?

RUKIA: Dondoshea mawili hapo juu ya kifuniko. Basi. Kiache, tuzungumze.

SALIM: Haya. Ila mama mkwe hakulitoa hewani. Nimesoma mwenyewe kwamba mafuta ya mimea yanaua virusi vya mbu.

RUKIA: Umesoma sawa, nusu. Na mada hii ya virusi vya mbu ni yetu kuliko tunavyofikiri. Chikungunya ni neno la Kimakonde, ugonjwa wa kumpinda mtu. Ulitambuliwa kule Newala mwaka 1952. Zika ni msitu karibu na Entebbe, kirusi kilipatikana humo 1947. Na kidingapopo, daktari mmoja Mskochi, James Christie, alikuwa Unguja homa ilipotapakaa mwaka 1870, akaliandika jina hilo kwa masikio yake, "ki-dinga pepo".

SALIM: Kumbe dengue ni mtoto wa Unguja!

RUKIA: Ya asili ya neno dengue wanabishana bado. Na wako wanaosema ile ya 1870 huenda ilikuwa chikungunya, kwa jinsi viungo vilivyowauma watu. Lakini fuata safari hii ya karibuni. Mwaka 2004 chikungunya ikaingia Lamu, ikapata kama robo tatu ya watu wa kisiwani. Mwaka uliofuata iko Ngazija, Komoro. Kisha kisiwa cha Réunion, 2005 na 2006, zaidi ya theluthi ya wakazi wakaugua.

SALIM: Imepanda jahazi.

RUKIA: Na huko huko Réunion kuna mmea unaitwa ayapana. Asili yake Amerika Kusini, wao wanachemsha majani wanakunywa tumbo likisumbua. Wanasayansi wakakamua mafuta yake, wakayajaribu kwa kirusi cha Zika kwenye seli za binadamu, maabara. Matokeo yakatoka 2019. Kirusi kilishindwa kuingia ndani ya seli, na seli zenyewe zikabaki salama kwa kipimo kile. Kabla yao, Wakolombia walijaribu mafuta ya mimea jamii ya Lippia kwa homa ya manjano na dengue, nayo yakazuia.

SALIM: Yanazuiaje?

RUKIA: Virusi hivi vyote vimevaa koti la mafuta, vimelichuna kwenye seli vilikotokea. Juu ya koti kuna vijipini vya kushikia seli mpya. Mafuta ya mmea yanapenda mafuta mwenzake, basi yanajipenyeza kwenye koti, au yanaziba vile vijipini. Ndiyo maana mengi yanafanya kazi vizuri yakikutana na kirusi *kabla* hakijaingia. Kikishaingia, wewe unagonga mlango na mwizi yumo chumbani.

SALIM: Na mgonjwa anakuja kwako akiwa na homa tayari.

RUKIA: Yumo chumbani siku kadhaa! Halafu kisahani cha maabara hakina tumbo, hakina ini. Unakunywa tone, ini linalibadilisha, kinachofika kwenye damu ni kidogo, na si kile kile. Tazama sasa kiboksi.

SALIM: Aka! Pameliwa. Pamebonyea, panang'ara, kidole kinanata.

RUKIA: Hiyo yujinoli, ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Haichagui. Koti la kirusi ni mafuta, na ngozi ya seli yako vile vile ni mafuta. Kwa hiyo watafiti hawaishii kuuliza "inaua?" Spiriti nayo inaua. Wanauliza kipimo kinachozuia kirusi kiko mbali kiasi gani na kipimo kinachoua seli. Ayapana ilisifiwa kwa sababu ya nafasi hiyo. Mafuta ya karafuu yamewahi kuharibu ini la watoto wadogo waliomeza. Ya mkalitusi yameleta degedege.

SALIM: Mama mkwe anasikiliza kipindi hiki, tafadhali.

RUKIA: Shikamoo mama. Wala sikukatai. Mafuta haya tukiyatoa tumboni tukayapeleka kwa mbu, hapo yana heshima yake. Kivumbasi tumekitia motoni tangu bibi zetu. Kwenye mkalitusi wenye harufu ya limau inapatikana dawa ya kujipaka ambayo Wamarekani wanaipendekeza rasmi, ila si ya watoto chini ya miaka 3. Na mbu wa kidingapopo anauma mchana, chandarua chako kimekunjwa.

SALIM: Mimi aliniuma nikiwa ofisini, nina hakika. Nyuma kulikuwa na matairi yamejaa maji.

RUKIA: Hapo hapo anazaa. Homa ikikupata, nenda ukapimwe, kunywa maji kwa wingi, parasetamoli kwa kipimo. Aspirini na ibuprofeni achana nazo, damu inaweza kutoka.

SALIM: Na chupa hii niitupe?

RUKIA: Utupe mafuta ya makonyo? Weka juu kabatini, mbali na watoto. Siku jino likikutoboka, pamba, tone moja, mpaka umfikie daktari wa meno.

SALIM: Lile la nyuma linaniwanga tangu jana.

RUKIA: Basi lete pamba.