Sauti Gani Inafaa Nyimbo za Asili?

ZAINABU: Karibu tena msikilizaji, tuko hapa Kampala. Leo kaka Opio ana kesi ya kujibu. Kipindi kilichopita alisema sauti tamu si kitu kwenye nyimbo za asili.

OPIO: Na narudia, dada. Utamu peke yake si kitu. Mwimbaji wa asili anasifu, anakejeli, anaomboleza. Watu wasipoyashika maneno, amewaimbia nini?

ZAINABU: Mbona wapiga ennanga, kile kinubi cha Waganda, waliimbia kabaka, mfalme wao, kwa sauti ya chini?

OPIO: Ennanga ndiyo iliyowatuliza. Kinubi kile kina nyuzi nane, na mlio wake mdogo. Ukipaza sauti umekizika. Basi unaimba kama unayezungumza na mtu aliyeketi karibu nawe. Sasa mpeleke mwimbaji huyo huyo harusini: ngoma zinalia, njuga miguuni, akina mama na vigelegele vyao. Hata mkewe hatamsikia!

ZAINABU: (anacheka) Kwa hiyo ala ndiyo inayochagua sauti.

OPIO: Kwa sehemu kubwa. Chukua endingidi, lile zeze la uzi mmoja. Upinde unaandamana na mwimbaji neno kwa neno, na wenyewe una mkwaruzo. Mimi napenda sauti yenye mkwaruzo kidogo hapo. Ile nyororo ya kwaya inaelea juu juu, haishikani na uzi.

ZAINABU: Mimi namtetea mwimbaji wetu wa Uganda, marehemu Geoffrey Oryema. Sauti nzito, tulivu, na mkononi lukeme, ile ala ndogo ya kupigwa kwa vidole gumba. Alikimbia nchi 1977 baada ya baba yake kuuawa enzi za Amin, na mwaka 1990 akatoa albamu ya Exile huko Ulaya. Wangapi kule walijua Kiacholi? Na bado walimsikiliza. Maneno yako yako wapi hapo?

OPIO: Hapo umenibana. Ila msikilize vizuri: hana haraka, hamezi silabi hata moja.

ZAINABU: Unatafuta pa kutokea wewe!

OPIO: Acha nitokee kwa Kiganda basi. Ile ni lugha ya toni, sauti ikipanda au kushuka maana inaweza kubadilika, si kama hiki Kiswahili chetu. Sauti ya neno ikipanda, wimbo nao upande. Tenzi nyingi za kanisani zilitiwa maneno ya Kiganda juu ya tuni za Ulaya, toni zikavurugika. Joseph Kyagambiddwa alipotunga oratorio, yaani utungo mrefu wa kidini wa kwaya, ya Mashahidi wa Uganda, wale Wakristo waliouawa kwa imani yao, ile ya 1964, alijenga juu ya muziki wa Kiganda wenyewe. Kwa hiyo kabla ya koo, mwimbaji awe na sikio.

ZAINABU: Na hizi studio zenye programu ya kunyoosha sauti?

OPIO: Usinikumbushe! Amadinda, ile marimba ya Kiganda, ina ngazi ya noti tano, zimeachana karibu sawasawa, na hazilingani na za piano. Mtu aliyelelewa na marimba ile anaimba sawa kabisa, kisha kompyuta inamvuta kwenye piano. Anatoka studio amekosewa, na analipa.

ZAINABU: Amwambie fundi aizime.

OPIO: Fundi atasema redio hazitaupiga wimbo.

ZAINABU: Basi arekodi mara mbili: moja ya redio, nyingine ya wenye wimbo.

OPIO: Na hiyo ya pili ndiyo nitakayoinunua mimi.