Mungu Jua kwenye Sarafu za Konstantino

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Leo dhahabu ya Roma tuiache kando, tuitazame shaba. Dhahabu ilizunguka zaidi kwa wakubwa na jeshini. Shaba ndiyo iliyonunua mkate sokoni. Kaisari alipotaka kusema na mtu wa kawaida, alipitia hapo.

Tazameni picha ya kwanza. Sarafu yenyewe ni ndogo, upana wake kama sentimita 2. Upande mmoja yuko Konstantino, Kaisari wa Roma. Upande wa pili amesimama mungu Jua: miale kichwani, joho begani, mkono wa kulia ameuinua, wa kushoto umeshika tufe, yaani dunia nzima. Pembeni pameandikwa SOLI INVICTO COMITI: kwa Jua asiyeshindwa, mwenzi wa Kaisari. Zile herufi za chini, PLN, zinaonyesha kuwa ilipigwa London.

Sasa tuangalie miaka. Konstantino alimshinda mpinzani wake Maxentius kwenye Daraja la Milvio, karibu na Roma, mwaka 312, na wengi tumefundishwa kuwa tangu siku ile alikuwa Mkristo. Mwaka 313 Wakristo wakaruhusiwa kuabudu kwa uhuru. Lakini sarafu za Jua ziliendelea kutoka kwa wingi, mwaka baada ya mwaka! Siamini kabisa kwamba mafundi walijisahau. Sanamu ya kwenye sarafu ilikuwa kauli ya dola, na askari wengi walimheshimu Jua. Kaisari hakuwa tayari kuwaudhi watu waliomweka madarakani. Hata sheria yake ya mwaka 321 kuhusu mapumziko ya Jumapili iliitaja siku hiyo kuwa siku ya Jua.

Ishara ya Kristo, yaani herufi mbili za kwanza za jina lake kwa Kigiriki, ilikuja polepole. Mwaka 327, huko Konstantinopoli, Istanbul ya leo, ilitoka sarafu ya shaba yenye bendera iliyobeba ishara hiyo juu, na mti wake umemchoma nyoka. Hizo ni adimu sana.

Picha ya mwisho ndiyo inayonigusa kuliko zote. Konstantino amefariki mwaka 337. Upande mmoja wa sarafu anaonekana amejifunika kichwa. Upande wa pili anapaa kwa gari la farasi wanne, gari lilelile la Jua, na mkono unashuka kutoka mbinguni kumpokea. Maandishi yanaanza na DV, kifupi cha neno la Kilatini walilopewa makaisari waliofanywa miungu. Askofu Eusebio wa Kaisaria aliieleza sarafu hii katika maandishi yake, wala hakulalamika.